Vitamini A ikipungua na ikizidi: yaliyonipata nyumbani kwangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu alipoanza kuogopa magharibi. Mchana alikimbia na wenzake bila taabu yoyote, lakini jua likishazama alitembea huku ameshika ukuta, na jioni moja nilimwona akipapasa mkekani kutafuta kikombe cha uji kilichokuwa mbele ya magoti yake. Nilidhani anadeka, kwa kuwa wiki tatu kabla alikuwa ametoka kuugua surua.

Muuguzi wa zahanati alimtazama macho, kisha akaniuliza kama alipata matone ya vitamini A ya Juni na Desemba. Hakuwa amepata, kwani tulikuwa tumehama na siku hizo zilinipita mara mbili mfululizo. Alipouliza mtoto anakula nini, nilijibu kwa fahari kwamba anakula ugali na mlenda kila siku. Akasema, "Mama, majani unayo, mafuta huna."

Maneno hayo yalibadilisha jiko langu. Vitamini A husafiri na mafuta, hivyo mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake humpa mtoto sehemu ndogo tu ya kilichomo, na mlenda wangu ulikuwa wa majani yaliyoanikwa juani, ambayo hupoteza mengi kabla ya kufika chunguni. Mahindi meupe nayo hayana cha kuongeza. Ukiongeza surua, ambayo humaliza akiba iliyobaki mwilini, unaelewa kwa nini giza lilimwingia machoni. Muuguzi alikata ncha ya kidonge chekundu kwa mkasi, akamkamulia mdomoni, akatutaka turudi kesho yake kwa dozi ya pili na baada ya wiki kadhaa kwa ya tatu. Kabla ya juma kuisha mwanangu alikuwa akiswaga kuku bandani saa moja jioni.

Baadaye nilijua kwamba dozi ile ina historia hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali ya Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua: kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, na kati ya 92 wasiopewa walikufa 12, tofauti ikiwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Kwa hiyo mtoto akiugua surua, usisubiri macho yaonyeshe dalili. Mpeleke kituoni ili apewe huko. Matone ya kawaida nayo, yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, hutolewa kila baada ya miezi sita na kuandikwa kwenye kadi, na hayafai kurudiwa kiholela. Yakizidi, mtoto hutapika, kichwa humuuma, na utosi wa mchanga huvimba.

Hofu ya mwaka ule ndiyo iliyonipeleka upande wa pili. Nilipopata mimba ya pili niliapa kwamba mtoto huyu hatakosa kitu, nikala maini ya ng'ombe mara tatu kwa wiki kwa ajili ya damu, nikameza mafuta ya ini la samaki niliyoletewa na dada yangu, vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, na vingine vya nywele na ngozi. Midomo ilipasuka hadi kutoka damu, kichwa kikauma kila asubuhi, nywele zikabaki kwenye chanuo, nami nikasema ni mimba.

Mkunga alizipanga chupa zangu tatu mezani, akasoma lebo moja moja, akajumlisha nyuma ya karatasi ya vipimo. Mjamzito hatakiwi kupita yuniti 10,000 za retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kama ya maini na vidonge, kwa siku. Mimi nilikuwa zaidi ya maradufu, kabla ya kuhesabu maini, ambayo gramu 100 tu zake huweza kupita mara mbili ya kikomo hicho. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi hudhuru ini lenyewe na mifupa, na katika wiki za mwanzo za mimba huweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Mwanangu alizaliwa salama, lakini miezi ile sikulala vizuri.

Hatari hiyo haimo kwenye mboga na matunda. Mwili hugeuza karotini, rangi iliyomo kwenye mchicha, kisamvu, boga, papai na viazi lishe, kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Ukila sana, viganja huwa vya manjano, na usiogope iwapo weupe wa macho umebaki mweupe. Sasa napika mlenda wa majani mabichi kwa karanga zilizotwangwa, na katika mimba damu niliitafuta kwenye maharage na vidonge vya FEFO (madini ya chuma na foliki asidi) vya kliniki.

Ukienda kliniki kwa mara ya kwanza, beba kila chupa unayoitumia, hata ile ya nywele, na kama unatumia dawa kali ya kumeza kwa ajili ya chunusi, itaje kabla hujashika mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo ni za jamii hii. Taja na maini. Mimi sikuulizwa habari zake mpaka nilipozisema mwenyewe.