Mshale uko kwenye 7, mbona mnasema saa moja?

SWALI: Dada shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, yuko la kwanza hizi shule za Kiingereza, nikimfundisha saa ya ukutani anagoma kabisa, anasema mama mshale uko kwenye 7 mbona unasema saa moja, na shule wanamwambia hiyo ni saba. Nianze na ipi jamani? – Mama Imani, Morogoro

JIBU: Marahaba Mama Imani. Huyo mtoto anasoma sawasawa, na swali lake ni la maana sana. Sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha, wenzetu wanaanza katikati ya usiku, tofauti ni masaa sita, na sita kwenye saa ya ukutani ni nusu ya duara, ndo maana saa yetu siku zote iko upande wa pili wa mshale mfupi: 7 inatazamana na 1, 10 na 4, 3 na 9. Mpe rula ailaze juu ya mshale mfupi ipite katikati mpaka ng'ambo, huko ndo asome saa ya nyumbani.

Ila usianzie hapo. Mimi ningeanza na ya shule, asome namba anayoiona, wewe huku endelea tu kusema chai saa moja, kulala saa mbili, sikio lizoee. Tafuta saa mbovu ya bei rahisi, fungua kioo, chomoa mshale mrefu na wa sekunde ubaki mfupi peke yake, uwe unauzungusha kwa kile kitufe cha nyuma unamuuliza umefika? umepita kidogo? uko katikati? Wazazi wengi wanakimbilia dakika na hapo ndo mtoto anapotea, wakati mshale mfupi ukiwa katikati ya 7 na 8 umeshakwambia ni na nusu.

Akiwa mwepesi ndo mrudishie mrefu, mhesabu tano tano, kumi, kumi na tano. Hapa uwe makini sana, mrefu haugeuzwi, dakika ni zilezile shule na nyumbani, akiugeuza nao basi saa mbili na robo ataiita kasorobo. Na kasorobo yenyewe iache mwisho kabisa, maana pale unamtajia saa ambayo mshale haujaifikia bado, kwa miaka 6 hilo ni gumu, hata akilijua mwakani si mbaya.