Dada wa Uingereza nisamehe: kadi igeuzeni nyuma, ila ulizeni nchi kwanza

Jumapili nimeamka nakuta meseji ndefu kwenye simu, dada mmoja kwao Moshi ila anaishi Uingereza. "Shikamoo kaka, ile kadi ya faya nimeiacha kama ulivyotufundisha." Moyo ukafanya paa. Nilifundisha nini tena mimi?

Kumbe alikuta postikadi mnadani, wazimamoto wa huko huko, pampu ya mvuke na farasi wawili, kofia za shaba zinang'aa, muhuri wa posta umeandika 1905, na muuzaji anataka pauni nane tu. Akaigeuza nyuma kama ninavyowapigia kelele kila siku, akaona mstari katikati, salamu kushoto anwani kulia, akakumbuka nilisema kadi yenye mstari nyuma haiwezi kuwa ya kabla ya 1907. Akajua ni feki, akairudisha mezani akaenda zake.

Jamani, hiyo ni sheria ya Marekani! Huku Marekani ninakoishi mpaka tarehe 1 Machi 1907 mgongo wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake, ukitaka kusalimia watu unabanabana maneno pembeni ya picha, ndiyo maana kadi nyingi za zamani za huku zina maandishi yamepita mpaka juu ya farasi. Uingereza wao waliruhusu tangu 1902. Kwa hiyo kadi ya 1905 yenye mstari kule haina tatizo lolote, na pauni nane ilikuwa bei ya bure. Sikusema hayo. Nilisema "1907" nikanyamaza, kwa sababu mimi nanunua za huku na nikasahau kuna watu wananisoma kutoka kwingine.

Ninachoumia zaidi ni kwamba kosa la namna hii hii, kila mahali na kipimo chake, ndilo lililoniingiza kwenye kukusanya kadi za faya.

Mimi ni fundi bomba, wengi mnajua, nilianzia Keko na sasa nipo Baltimore mwaka wa kumi na moja. Siku moja nimeitwa kwa mzee mmoja bomba limepasuka kwa baridi, namaliza kazi ananionyesha picha ukutani, mtaa mzima umebaki kuta tupu kama meno yaliyong'oka, akaniambia hii ni Baltimore hii hii, Februari 1904. Moto ulianza Jumapili asubuhi tarehe 7, ukaenda kama saa thelathini, ukala majengo zaidi ya 1,500 katikati ya mji. Faya ya hapa ikazidiwa wakaita wenzao, Washington wakapakia mashine zao kwenye treni, Philadelphia na New York nao wakaja. Wamefika, maji yapo, mvuke umepanda, mipira wanayo, wanataka kufunga kwenye bomba la barabarani, uzi, ile mikato ya kuzungushia, hauingii!

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Asiye fundi ataona jambo dogo. Aliyewahi kununua soketi akafika site akakuta uzi wa bomba ni mwingine, duka limefungwa na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni, huyo ananielewa. Kila mji ulikuwa na uzi wake. Walipokuja kuhesabu nchi nzima walikuta aina zaidi ya 600 za viungo vya mipira ya faya, mia sita! Mwaka uliofuata, 1905, ndipo wakakubaliana kipimo kimoja, kwa mpira wa inchi mbili na nusu ni nyuzi saba na nusu kila inchi moja, na hicho kipimo kipo mpaka leo.

Sasa na mimi nimemfungia dada wa watu uzi wa Marekani kwenye bomba la Uingereza.

Lakini nijitetee kidogo. Hii "geuza nyuma" sikuiokota barabarani, niliilipia. Mwaka wangu wa kwanza kukusanya nilimkuta muuzaji mmoja kwenye maonyesho ya postikadi, meza nzuri, miwani ya dhahabu, ana picha ya moto wa 1904, moshi, mashine, mipira imelala barabarani kama nyoka. Dola 85. Nikatoa cash, sikuigeuza. Nimefika nyumbani mama watoto anauliza hicho kikaratasi ndiyo hela ya viatu vya mtoto, najifanya sijasikia, naigeuza sasa, nakuta mstari katikati na sehemu ya stempu imeandikwa AZO, jina la karatasi ya picha, na pembetatu nne, mbili zinaangalia juu mbili chini. Hizo ni karatasi za 1918 kwenda mbele. Picha ni ya 1904 kweli, ila kadi ilisafishwa miaka mingi baadaye. Nikamrudia, akaniambia moto si ni ule ule, unalalamika nini? Wateja wengine wakacheka. Nikakosa jibu, na mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye gari huwa namjibu.

Basi tangu hapo nageuza. Geuza nyuma kabla hujapenda mbele. Pembetatu nne zote zikiangalia juu, hiyo ni karatasi ya 1904 mpaka 1918. Beba lenzi ya kukuzia, ukiona vidoti vidoti kama gazeti ni ya kiwandani, isiyo na vidoti mara nyingi ndiyo picha ya kusafisha. Na moto wa usiku wenye ndimi nyekundu nzuri sana uuogope, mara nyingi ni picha ya mchana, moto umechorwa na fundi wa rangi. Halafu geuza tena. Na kuanzia leo naongeza, nchi kwanza. Watu wengi mna haraka, mnataka hazina kwa mnada mmoja, mnaona farasi mnalainika, hela inatoka mfukoni macho yakiwa bado mbele. Mtu hata kanga hanunui bila kuikunjua akasoma jina!

Jumamosi ya juzi kabla ya hiyo meseji nilikuwa na furaha yangu. Kwenye boksi la viatu, chini ya kadi za Krismasi, dola sita: pampu ya mvuke mbele ya kituo, farasi watatu wamesimama sambamba, wa katikati katikisa kichwa uso umefutika, wazimamoto na kofia zao za ngozi zenye ukingo mrefu wa nyuma, mmoja anazuia kicheko. Nyuma AZO, zote zinaangalia juu. Ukichungulia ndani ya mlango unaona hatamu zinaning'inia kutoka darini, kengele ikilia farasi anakimbilia chini yake zinamdondokea mgongoni wanafunga wanatoka, na boila ilikuwa inatunzwa ya moto hapo kituoni ili mvuke usichelewe. New York waliwastaafisha farasi wa mwisho tarehe 20 Desemba 1922. Nimeitazama hiyo kadi kila usiku wiki hii.

Dada alirudi mnadani, kadi yake imeshauzwa. Kwa aibu nikamwandikia haraka haraka kwamba nitamtumia hii yangu, anitumie anwani. Leo siku ya tatu hajajibu na, Mungu anisamehe, naona heri asijibu.