Kabla hujachoma majani uani kwako

Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba zinapokaribia, Tabora hukauka hadi nyasi zinavunjika chini ya ndala. Miembe inapukutisha majani, mabua ya mahindi yamelala shambani, na kila ua una rundo linalosubiri kiberiti. Mimi pia huchoma, ingawa majani mengi ya mwembe siku hizi nayafukia shimoni yawe mboji ya migomba. Moshi wake unawasha macho na kifua, na nyumbani tuna mtoto mwenye pumu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma mimea nje ya eneo la makazi yako. Kwa hiyo shamba, au kiwanja cha jirani kisichojengwa, usikihesabu kuwa ni uani kwako. Pitia kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji. Na hata kama ni uani, piga hodi kwa majirani. "Shangazi, kesho asubuhi nachoma majani, naomba nguo uzianike baadaye kidogo." Maneno hayo yanaepusha ugomvi mwingi, na jirani aliyepewa taarifa ndiye atakayekimbia na ndoo mambo yakiharibika.

Choma asubuhi mapema, umande ukiwa bado haujakauka na upepo umetulia. Kwanza palilia kuzunguka rundo, hatua tatu hivi, mpaka udongo mtupu uonekane. Rundo liwe dogo, mbali na jiko la nyasi na uzio wa miti, kisha ulilishe kidogo kidogo. Maji na koleo viwe tayari kabla ya kuwasha, si baada.

Wengi wetu huchoma jioni wakitoka kazini. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu moto wa jioni huachwa peke yake usiku. Kiangazi kimoja, mtaani kwetu, banda la kuku liliteketea mchana kwa moto uliowashwa jana yake. Mwenyewe aliona majivu meupe, akaenda kulala. Chini ya rundo kulikuwa na kisiki kikavu. Moto ukaingia kwenye mizizi, ukala taratibu ardhini bila kutoa mwali, mpaka upepo wa saa saba ulipoupuliza ukatokea upande wa pili, penye nyasi. Pumba za mpunga nazo zina tabia hiyo: juu unaona weusi uliopoa, ndani ni makaa matupu hata siku ya pili.

Mzee mmoja mrina asali, ambaye mizinga yake iko kwenye miombo na moto wa kiangazi ndio adui yake mkubwa, alinifundisha namna ya kuuzima. Mwaga maji, geuza majivu kwa koleo mpaka chini kabisa, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. "Ukihisi joto, mwanangu, bado hujazima." Tangu hapo sichomi juu ya kisiki wala karibu nacho, na kabla ya kulala narudi kupapasa tena.

Petroli usiitumie kamwe. Mvuke wake hutambaa chini kabla hujawasha, na njiti ikiwaka moto unakurukia wewe. Plastiki, matairi na betri moshi wake ni sumu; makopo ya dawa ya mbu ya kupulizia hulipuka. Ukipunguza uzio wa mnyaa, matawi yake yazike, maana utomvu wake ukiingia machoni unaweza kuleta madhara makubwa.

Namba ya zimamoto ni 114. Iweke kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, na mkubaliane mapema mtawaelekeza kwa kutaja nini: shule, msikiti, kanisa au mashine ya kusaga iliyo karibu nanyi.