Mshale au nukta pacha mbili? Uliza kwanza ni ya nani

Kinachowasumbua zaidi wanaoanza kuandika PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwa mtindo wa objekti, kwa niliyoyaona nikikaa nao na kukagua koodi zao, si urithi wala intafesi. Ni alama mbili ndogo: mshale `->` na nukta pacha mbili `::`. Wengi hujaribu moja, ikikataa wanaweka nyingine, na ukurasa ukifunguka wanasonga mbele. Siipendi njia hiyo hata kidogo, kwa sababu anayeifuata hajui kwa nini koodi yake imekubali, na kesho ikikataa hatajua aanzie wapi.

Kabla hujagusa propati (data iliyohifadhiwa) au methodi (kazi inayoitwa) yoyote, jiulize ni ya nani. Ni ya objekti hii moja, au ni ya klasi nzima, yaani kiolezo kinachoundia objekti hizo? Chukua klasi `Bidhaa`. Kila bidhaa ina bei yake, kwa hiyo bei ni mali ya objekti na unaifikia kwa mshale: `$kalamu->bei`. Idadi ya bidhaa zote zilizoundwa haimhusu kalamu wala daftari peke yake. Hiyo ni ya klasi, unaitangaza kwa neno `static`, nawe utaandika `Bidhaa::$idadi`. Ukiwa ndani ya klasi yenyewe, `$kalamu` inageuka kuwa `$this`, na `Bidhaa` inageuka kuwa `self`. Matoleo ya zamani yalivumilia methodi ya objekti kuitwa kwa nukta pacha mbili bila objekti yoyote, yakaishia kutoa onyo tu. Tangu PHP 8.0 ya mwaka 2020 programu inasimama papo hapo, na mimi nauona huo kuwa msaada mkubwa.

Sasa tazama alama ya dola. Propati ya `static` inabaki na dola yake baada ya nukta pacha mbili, lakini baada ya mshale dola inaondoka. Ukiisahau ikabaki, hupati kosa la sarufi, na hapo ndipo penye hatari:

```
public function __construct(string $jina)
{
    $this->$jina = $jina;
}
```

Ukiandika `new Bidhaa('kalamu')`, PHP inasoma kwanza thamani iliyomo ndani ya `$jina`, kisha inatafuta propati inayoitwa `kalamu`. Haipo, basi inaiunda na kuweka humo neno "kalamu". Propati `jina` uliyoitangaza juu haijaguswa kabisa. Kwa miaka mingi jambo hili lilipita kimyakimya. Toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, ndilo lililoanza kuonya kila propati inapozuka bila kutangazwa. Ndiyo maana nasisitiza uiandikie kila propati aina yake, `private string $jina`, jambo linalowezekana tangu 7.4. Ukifanya hivyo, siku utakapojaribu kuisoma ikiwa haijapewa thamani, PHP itakataa na kuitaja kwa jina. Rudi moja kwa moja kwenye konstrakta, ile `__construct` inayoendeshwa objekti inapoundwa, ukatafute dola iliyozidi.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. PHP ikikosa propati, ujumbe wake huwa hivi: `Undefined property: Bidhaa::$bei`. Imeandika nukta pacha mbili hata kama propati hiyo ni ya objekti. Huo ni mtindo wa kuitaja tu. Nimewaona watu makini wakiufuata ujumbe huo neno kwa neno, wakabadilisha `$this->bei` kuwa `self::$bei`, na kosa moja likazaa la pili. Usome ujumbe kwa ajili ya jina la klasi na la propati. Alama ya kutumia itoe kwenye lile swali la ni ya nani.

Kuhusu nani aruhusiwe kufikia nini, mimi huanza na `private`, inayoiruhusu klasi yenyewe tu, kila mara, kisha nafungua pale tu ninapolazimika. Kilichofunguliwa kwa `public` kitatumika mahali usipopajua, na kukifunga tena maana yake ni kupita faili moja baada ya jingine. Ila elewa kwamba `private` inalinda klasi, hailindi objekti moja dhidi ya nyingine. Bidhaa moja inaweza kusoma `private` ya bidhaa nyingine ya klasi hiyohiyo, na hilo linafaa sana unapoandika methodi ya kulinganisha vitu viwili.

Wala huna haja ya kuandika methodi za kusoma tu, kama `getJina()` na `getBei()`, kwa kila propati. Tangu 8.1 unaweza kutangaza `public readonly string $jina`: kila mtu anaisoma, na ikishapewa thamani hakuna anayeibadilisha.

Mshale wenye alama ya kuuliza, `?->`, unaorudisha null (yaani hakuna kitu) badala ya kosa objekti inapokosekana, nautumia kwa kujizuia. Unafaa pale ambapo kukosekana kwa kitu ni jambo la kawaida, kwa mfano mtumiaji asiye na picha. Ukiusambaza kila mahali ili makosa yasionekane, null itasafiri hadi kwenye ukurasa na utaona nafasi tupu isiyo na maelezo.

Upande wa JavaScript nukta moja inafanya kazi zote mbili, kwa hiyo jicho halikusaidii na swali la ni ya nani linakuwa la lazima zaidi. Tuseme `kikapu` ni objekti yenye methodi `hesabu`. Ukipeleka `kikapu.hesabu` kwa `addEventListener` ya kitufe, inayosubiri kibonyezwe, bila mabano, methodi inakwenda peke yake na kumwacha kikapu nyuma. Kitufe kikibonyezwa, `this` ndani ya methodi hiyo itakuwa kitufe chenyewe, na `this.bidhaa` itarudisha `undefined`. Andika `() => kikapu.hesabu()`, au ifunge kwa `kikapu.hesabu.bind(kikapu)`. Mimi hupendelea ya kwanza, kwa sababu anayesoma anaona palepale methodi inaitwa juu ya nani.