Re: Gonggi, kete zinanimwagika hatua ya tano
Habari mkuu. Unasema kwenye gonggi, mchezo wa Kikorea wa kurusha na kudaka kete tano, hatua nne unazimaliza, ila ya tano, ya kuzirusha zote na kuzipokea mgongoni mwa kiganja, kete zinamwagika. Angalia kwanza kimo: ukizirusha juu sana zinatawanyika. Shibiri moja inatosha. Geuza mkono, bana vidole, inua ncha zake kidogo pawe na kibonde, na uushushe mkono pamoja na kete zinapotua.

Kisha zitikise sikioni. Zile za plastiki za Korea huwa na vipande vya chuma ndani. Zikiwa tupu zinadunda. Kokoto za mdako zinafaa kabisa.

Unaporusha mara ya pili, kutoka mgongoni mwa kiganja ili uzidake, ukidondosha hata moja tu, umekosa pointi (Wakorea wanazihesabu kama miaka), zamu ya mwenzako. Kubalianeni hilo mapema, marafiki hununiana hapohapo.