Re: Eti kuna mstaafu wa besiboli bado analipwa na timu?

Mkuu, hiyo si chai. Uliyemsikia ni Bobby Bonilla. Mechi yake ya mwisho alicheza 2001, lakini kila tarehe 1 Julai timu yake ya zamani ya Marekani, New York Mets, wanamwekea dola 1,193,248. Mashabiki wa kule wameifanya siku hiyo kama sikukuu ya utani.

Ilikuwa hivi: mwaka 2000 Mets walitaka kumwacha huku wakimdai... samahani, yeye ndiye aliyekuwa anawadai dola milioni 5.9. Badala ya kuchukua chake na kusepa, akakubali kungoja hadi 2011, kwa riba ya asilimia 8, kisha alipwe miaka 25 mfululizo. Jumla inakaribia milioni 30. Mwisho ni 2035, akiwa na miaka 72!

Wamiliki wa timu waliona wamewahi, maana pesa zao zilikuwa kwa Bernard Madoff, mwekezaji wa Marekani, na waliahidiwa faida kubwa zaidi ya hiyo riba. Madoff kumbe tapeli.

Ila asichukuliwe kama galasa. Aliitwa timu ya nyota wa ligi (All-Star) mara 6, na 1997 alibeba ubingwa na Florida Marlins.