Maswali ya Wasomaji: Mwamba Ukishageuka Salfaidi

SWALI: Kwenye duara letu (shimo la kuchimbia) mwamba wa juu, yaani mkanda wa jiwe lenye dhahabu, ulikuwa mwekundu wenye kutu, na zebaki ilikamata dhahabu vizuri. Tangu tufikie maji, jiwe limekuwa la kijivu lenye kumetameta manjano, lakini kwenye karai hatuoni kitu. Wengine wanasema dhahabu imekwisha, wengine wanataka tuongeze zebaki. (Msomaji, Geita)

JIBU: Msiongeze zebaki, na duara msilifunge kwanza. Kule juu, hewa na maji ya mvua vilikwisha kuozesha salfaidi (madini yenye salfa) zikabaki kutu, na dhahabu iliyokuwa ndani yake ikaachwa huru. Chini ya maji salfaidi bado ni nzima: paraiti ya manjano yenye chuma, pengine na asenopiraiti yenye aseniki au kalkopiraiti yenye shaba. Dhahabu huenda imo palepale, ila imefungwa ndani ya punje hizo, na zebaki hukamata ile tu inayoigusa. Tena salfaidi huichafua zebaki, ikavunjika vitone vidogo visivyoungana, vikaenda na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha) vikiwa vimebeba hata dhahabu iliyokwisha kukamatwa. Kuongeza zebaki hapo ni kuongeza hasara na sumu.

Ndiyo maana migodi mikubwa yenye mwamba wa namna hii, kama Bulyanhulu, hutenganisha salfaidi kwa mapovu na kupata makinikia (mchanga wenye madini yaliyokolezwa), yaleyale yaliyozuiwa kusafirishwa nje Machi 2017.

Kabla hamjanunua mtambo wowote, pimeni. Chukueni kilo 20 za mwamba peke yake bila kuta, upana wote, msichague mawe yanayong'aa. Pondeni, changanyeni sana, mgawe. Fungu moja lipimwe kwa tanuru lioneshe dhahabu yote iliyomo. Jingine lisagwe liwe unga, lizungushwe kwenye chupa yenye sayanaidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) kwa saa 24 maabara, kisha yapimwe maji na mabaki yake. Tuseme tanuru limetoa gramu 8 kwa tani na sayanaidi imetoa 3: gramu 5 zimefungwa. Rudieni kwa unga laini zaidi, wa mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Zikipanda hadi 6 au 7, shida yenu ilikuwa usagaji, na hiyo inatibika. Zikikataa kupanda, huenda dhahabu imeyeyukia ndani ya asenopiraiti au paraiti yenyewe, na kuwekeza kwenye matangi ya sayanaidi kutawafilisi. Ombeni pia kipimo cha shaba, maana shaba hula sayanaidi kabla haijafika kwenye dhahabu.

Mambo mawili ya uhai. Jiwe likigongwa kwa nyundo likatoa harufu ya kitunguu saumu, lina aseniki. Msilichome kamwe, moshi wake unaua. Na marudio ya salfaidi yaliyolala juani hutengeneza asidi. Ukiyamwagia sayanaidi kabla ya chokaa kuyafikisha pH 10.5 (kipimo cha asidi; kikiwa juu, asidi imekwisha), inatoka gesi ya kuua watu.

SWALI: Sampuli yetu ya kwanza maabara ilitoa gramu 38 kwa tani. Ya pili, mwamba uleule, gramu 2. Tuamini ipi? (Kikundi cha wachimbaji, Chunya)

JIBU: Msiamini hata moja. Ya kwanza inaelekea kuwa jiwe lililochaguliwa kwa macho, na jiwe la namna hiyo linathibitisha tu kwamba dhahabu ipo. Anzeni upya.

Safisheni uso wa mwamba kwa brashi na maji. Tandikeni turubai safi chini. Chongeni mfereji wa upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3, ukikata mwamba kwa pembe mraba, kutoka ukuta mmoja (jiwe la kando ya mwamba) hadi mwingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea: salfaidi ni laini na hupukutika, kwazi (jiwe jeupe la mwamba) ni ngumu, mchongaji anachukua kilicho rahisi na sampuli inatoka tajiri kuliko mwamba wenyewe. Kina kiwe kilekile mwanzo hadi mwisho. Ukuta wa juu, mwamba na ukuta wa chini kila kimoja kiwe na mfuko wake, kilo 2 hadi 3, na vipimo viandikwe hapohapo. Rudieni kila mita 2 au 3 kufuata mwamba. Katika kila mifuko 20 tieni mmoja wa jiwe mnalojua halina dhahabu. Likirudi na gramu, kuna uchafuzi.

Kisha pigeni hesabu ya upana, ambayo wauzaji wa viwanja huwa hawaisemi. Mwamba wa sentimita 30 wenye gramu 12, ukichimbwa kwa nafasi ya mita 1 ili mtu apite, na kuta ni tupu, unawapa gramu 3.6 kwa kila tani mtakayoitoa. Hiyo ndiyo namba ya kukopea fedha.

SWALI: Nitajuaje kwa haraka paraiti na dhahabu? (Msomaji, Migori)

JIBU: Bonyeza punje kwa ncha ya sindano. Dhahabu inabonyea, paraiti inavunjika. Isugue paraiti kwenye kipande cha kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa, itaacha mstari mweusi. Dhahabu huacha wa manjano.

SWALI: Mwamba wetu unaingia chini ya mbuga, udongo mweusi. Sampuli za udongo hazioneshi kitu. (Msomaji, Kahama)

JIBU: Udongo wa mbuga mara nyingi umeletwa na maji kutoka kwingine, hauna habari za mwamba ulio chini yake. Pimeni mwelekeo wa mwamba kwa dira pale unapoonekana, mwuendeleze kwenye ramani, kisha mkate mitaro ya kuukingama. Kama mbuga ina kina cha kuzidi mita 1.5, mtaro unaweza kufukia watu. Kodini mashine ndogo ya kuchoronga, mchukue vipande vya jiwe lililooza chini ya udongo. Mkikosa mwamba kwenye mstari, chorongeni kando pande zote mbili kabla ya kukata tamaa, kwani ufa wa ardhi unaweza kuwa umeusogeza. Kipimo cha umeme kinachosoma chaji iliyobaki ardhini kinaweza kusaidia hapa, kwa kuwa punje za salfaidi hushika chaji na kwazi tupu haishiki. Ramani za jiolojia zinapatikana GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), Dodoma.